Siku Tatu Gesti, Kisiwani Ukara

Wenzangu wa kijiweni, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu. Nimeona afadhali niandike mara moja, msome kwa zamu, mniache ninywe chai yangu kwa amani. Mnakumbuka nilivyoaga. Nilisema nakwenda kutembea visiwani. Mkacheka, mkasema fundi wa kinu cha pamba amegeuka mtalii, na mmoja wenu akataja ile kalenda ya karakana yenye picha ya visiwa vya Karibiani: mchanga mweupe, maji ya buluu, na hoteli ndogo yenye kibaraza cha mbao. Nikadakia hapohapo. Nikasema ndiyo, picha ile imenitia hamu siku nyingi, na kwa kuwa Karibiani sifiki, nitaanza na visiwa vya ziwa letu.

Niliwadanganya. Nilikuwa nakwenda kwa binti yangu Kabula, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka tisa, na sikutaka mtu ajue kwa sababu sikuwa na hakika kwamba atanipokea.

Walio wageni kijiweni hawaijui habari hii, kwa hiyo niieleze. Kabula alipendana na kijana muuza dagaa aliyekuwa akija sokoni Bariadi, jina lake Magesa, Mkara wa kisiwa cha Ukara. Magesa akaleta wazee wawili kuposa. Nikamuuliza swali ambalo Msukuma yeyote angeuliza: zizi la kwenu liko wapi? Akajibu kwa adabu, "Baba, kwetu hakuna zizi. Ng'ombe wetu wanakaa ndani ya nyumba." Nikadhani ananicheza shere mbele ya ndugu zangu, maana ng'ombe si kuku. Nikawafukuza wazee wale kabla hawajamaliza togwa. Wakasema ng'ombe wa mahari ameshatengwa, nije nione. Nikasema sitavuka ziwa kwenda kuona uongo. Kabula alipomtetea nikamwambia akimfuata mwongo yule, asinitazame tena. Akamfuata. Mama yake alikuwa ameshafariki, hapakuwa na wa kutusuluhisha.

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie na mizani yao, kinu chetu kimefungwa kwa kufuli, nami nimebaki na nyumba ya vyumba vitatu na redio. Upweke ni kitu cha aibu kukisema kwa mwanamume wa umri wangu, lakini niliuona. Siku niliyojikuta naibishia taarifa ya habari kwa sauti, nikafunga begi.

Bariadi hadi Sapiwi

Basi lilikuwa mojawapo ya haya ya watu binafsi yanayogombea abiria, yenye muziki mpya na matairi ya zamani. Tulipofika Sapiwi tairi la nyuma likapasuka. Kondakta akasema dakika kumi. Mimi nimefanya kazi na vyuma miaka thelathini, nikatazama jeki waliyokuwa nayo, nikajua ni saa tatu.

Sasa Sapiwi ndiko anakokaa dada yangu mkubwa, Mama Shija, na nilikuwa nimepanga kupita kimyakimya. Lakini tairi limepasuka karibu na shamba lake la pamba, na watu wa pale wana macho. Nikaona bora niende mwenyewe kuliko kuitwa.

"Mwadila, dada," nikamwamkia.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu.

Akanipa maziwa ya mgando na matobolwa, viazi vilivyopikwa na kukaushwa, tulivyokula tangu utoto. Nikala nikisifu mvua za mwaka jana. Yeye akalivuta begi langu, akalifungua kama lake.

"Unaenda kwa Kabula," akasema.

"Natembea tu. Naenda kuona visiwa."

"Humu kuna kanga mbili mpya. Siku hizi unavaa kanga?"

Nikachukua matobolwa mengine. Dada yangu hana kelele, ila akisema jambo limesemwa.

"Nenda, ni mwanao. Lakini usilale pale. Usivuke hata mlango. Ng'ombe hazijatoka. Baba mtu akilala kwenye nyumba ambayo haijatoa ng'ombe amejidharau, na binti yake naye amemdharaulisha, watu watamwona ameokotwa. Wewe fikia gesti. Tuma neno, akusikie. Kama anakutaka, atakuja kukusalimia na kukuomba. Hapo mtaongea."

"Na asipokuja?"

"Utakuwa umejua."

Akanifungia mfuko wa michembe, viazi vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, nimpelekee. Niliporudi barabarani abiria walikuwa wamelala kivulini, na kondakta bado anasema dakika kumi.

Lamadi

Tulifika Lamadi jua limezama, basi la Mwanza limeshapita. Nikalala gesti ya pale njia panda. Gesti siku hizi zimeota kama uyoga, kila mwenye tofali mia amejenga vyumba vinne na kuandika jina la mji mkubwa mlangoni. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto, na karatasi ukutani iliyokataza kupika, kufua na kugombana.

Mhudumu akaniletea daftari la wageni. Jina nikaandika. Kabila nikaandika. Kwenye kazi kalamu ikasimama. Mara zote nimeandika "fundi wa kinu", bila kufikiri. Yule dada akanisubiri, halafu akasema kwa upole, "Andika mkulima tu, mzee. Wote wanaandika mkulima." Nikaandika mkulima. Sina hata jembe.

Mwanza

Meli ya Nansio ilikuwa iondoke asubuhi. Ikawa mchana, ikawa kesho yake. Hakuna aliyetueleza sababu, na sisi tumezoea kutoelezwa, tukatandika kanga na majamvi gatini.

Njaa iliponishika nikatafuta samaki. Mji ule sasa umejaa viwanda vya sangara. Minofu inapanda ndege, inakwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tunauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa, yaliyokaangwa mpaka yakawa meusi. Mama muuzaji alinichagulia panki lenye nyama kidogo shavuni. "Hili Wazungu wamelisahau," akanitania. Nililifyonza mpaka jicho, na nasema kweli, lilikuwa tamu.

Pale gatini mwanamke mmoja mfanyabiashara wa mitumba akaniomba nimwangalizie marobota yake mawili, anakwenda mara moja. Alikaa saa nne. Watu wangekasirika. Mimi sikukasirika hata kidogo. Nilikaa juu ya robota moja, mkono juu ya lingine, na kila aliyepita karibu nilimkazia macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kinu kifungwe mtu kunikabidhi kitu. Aliporudi akaomba radhi sana, nami nikatamani angekawia zaidi.

"Unakwenda wapi, baba?" akaniuliza.

"Ukara. Kwa binti yangu."

Kwa mgeni niliyejua sitamwona tena, niliweza kusema.

"Atafurahi sana kukuona."

"Naam," nikasema. Nikageuza uso nikatazama maji.

Nansio, na mbuzi wa Bugolora

Nansio nililala usiku mmoja kwenye gesti yenye vyumba sita na mgeni mmoja, ndiye mimi. Mwenye gesti aliniwashia taa ya chemli, akanipa sato wa kuchemsha na ndimu, kisha akaketi mlangoni akinitazama ninavyokula, maana hakuwa na kazi nyingine. Tuliongea habari za bei ya pamba na bei ya samaki mpaka zikaisha, halafu tukakaa kimya wote wawili, naye akaniaga kama mtu aliyechelewa kumaliza ibada.

Asubuhi nikapanda pikapu hadi Bugolora, mwisho wa kisiwa cha Ukerewe, ambako boti za Ukara huondokea. Boti ilikuwa tayari, injini imekwisha kuwashwa, abiria tumeketi. Mwenye boti akasema tunasubiri mbuzi. Mbuzi huyo ni wa posa, ameahidiwa upande wa pili, bila yeye boti haiendi. Tukasubiri saa mbili. Mbuzi alipokuja akayatazama maji, akakaza miguu, wakamvuta wanaume watatu. Abiria mmoja akasema, "Huyo anajua anakokwenda." Watu wakacheka. Mimi nilimhurumia yule mbuzi, kwa kuwa hata miguu yangu haikuwa na haraka.

Ukara, siku ya kwanza na ya pili

Nisiwanyime uzuri wa kisiwa. Mawe makubwa yamepandana juu ya mawe mengine, meupe kwa mavi ya ndege. Mchanga ni mweupe kweli, laini kama unga wa muhogo, na maji ni mang'avu, unaona mguu wako mpaka kidole. Hakuna magari wala kelele. Lakini niliona jambo moja: ukitazama kitu kizuri peke yako, baada ya muda unageuka ubavuni umwambie mtu "tazama", na pale ubavuni hapana mtu. Basi uzuri wote unabaki kuwa kazi.

Gesti ilikuwa moja, ya vyumba vitatu, bati juu, kibaraza mbele kinachotazama ziwa. Mwenyewe ni mjane aitwaye Mama Bahati, mnene, mcheshi, anayeuliza swali na kulijibu yeye mwenyewe.

"Umekuja kununua samaki. Sangara au dagaa? Dagaa."

"Nimekuja kwa Kabula, mke wa Magesa. Naomba umtumie neno. Mwambie baba yake amefika, yuko gesti."

Akaacha kufagia. "Yuko gesti?"

"Yuko gesti."

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Neno likaenda. Nikavaa suti yangu ya kaunda ya kaki, ile ya mifuko minne, nikachomeka kalamu, nikakaa kibarazani kumsubiri mwanangu. Jioni ikaingia. Hakuja.

Siku ya pili nikasubiri tena, na miguu ilipokufa ganzi nikatoka kutembea ufukweni. Hapo nikaona ajabu. Kila nilipotokea, watu walitoweka. Wavuvi waliokuwa wakirekebisha nyavu walizikunja mbio wakazisukuma chini ya mitumbwi. Wanawake walioanika dagaa wakakumbuka kazi nyumbani. Niliamkia "Habari za hapa" na kujibiwa na mgongo. Nilitembea ufuko mzima, mzuri kuliko wa kalenda, bila kuongea na kiumbe. Nikarudi gesti nikimwaza dada yangu aliyesema utakuwa umejua. Nikajiambia Kabula amewasimulia kisiwa kizima nilivyo, nao wamenikataa pamoja naye.

Mama Bahati alipojua akacheka mpaka akashika nguzo. "Mzee, suti hiyo! Wanasema wewe ni afisa wa samaki umekuja kukamata nyavu za matundu madogo. Nimewaambia siyo, wakasema nimehongwa."

Nilicheka naye, ila usoni tu.

Mchana wa siku ile alikuja mama mmoja jirani na bakuli lililofunikwa kitambaa. "Karibu chakula," akasema, akaondoka. Nikafunua. Ugali wa muhogo, ambao sijauzoea, unavutika kama gundi. Pembeni yake mboga. Ilikuwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, kama alivyopika marehemu mke wangu, chumvi ndogo, karanga zimesagwa nusunusu. Mkara hapiki hivyo. Nililia kidogo, na mseme mtakavyo. Nilikula yote. Mwanangu ananipikia lakini haji kunitazama: sikujua jambo hilo niliweke upande gani wa mzani.

Siku ya tatu

Bakuli lilikuwa halijafika bado Mama Bahati aliponijia kibarazani, ameshika kiuno.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe la kukupa sina, mzee. Nenda kwa mwanao."

"Namngoja yeye aje."

"Unamngoja nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwetu Usukumani baba haingii kwenye nyumba ambayo haijatoa ng'ombe, kwamba nimefikia gesti kwa kumheshimu Kabula, asionekane ameokotwa, na kwamba nimetuma neno ajue niko karibu, aje aniombe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi, na sauti ikapungua.

"Hapa kwetu gesti ni ya mtu asiye na mtu. Mnunuzi wa samaki, askari, fundi wa redio. Baba wa mtu hafikii gesti. Wewe ulipotuma neno kwamba uko gesti, Kabula aliketi chini akaniuliza, 'Amesema mwenyewe, au ni wewe unayesema?' Nikamwambia amesema mwenyewe. Akasema, 'Basi amekuja kunionyesha kwamba sina baba.' Na ugali akasonga hata hivyo, maana mgeni hata kama amekutukana lazima ale."

Niliingia chumbani nikachukua begi na mfuko wa michembe. Siku tatu nilizodhani nampa mwanangu heshima, nilikuwa nampa tusi, tena mbele ya watu.

Njiani, kwa mazoea, nilivunja kijiti cha mti nifanye mswaki. Mwanamke aliyekuwa akipalilia akainuka.

"Mzee, mti huo una mwenyewe."

Nilidhani anatania. Lakini kisiwa kile ni kidogo na watu ni wengi, kila mti una mwenyewe, na jani lake ni chakula cha mfugo wa mtu. Nikamrudishia kijiti pamoja na majani yake, kwa mikono miwili, kama mwizi aliyekamatwa. Akayahesabu kwa macho, akayaweka kapuni.

"Wewe si yule afisa wa nyavu?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni baba yake Kabula."

Kwa miaka tisa sikuwa nimesema hivyo, "mimi ni", mbele ya mtu aliyemjua; hata kwa Mama Bahati nilisema "baba yake amefika".

Nyumbani kwa Kabula

Magesa alikuwa anageuza dagaa juu ya mawe. Ameongezeka mwili na mvi mbili tatu. Watoto wao wawili waliponiona na suti yangu, mkubwa akasimama kama askari, mdogo akakimbia kuficha wavu wa baba yake. Magesa akafuta mikono, akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama watoto yuko?"

"Amekwenda kukata majani ziwani. Anarudi sasa hivi. Karibu."

Nikasimama mlangoni, nje, kama dada alivyoniagiza. Macho yakazoea giza la ndani. Kwanza nilisikia kupumua, kupumua kwa pua kubwa, kusiko na wasiwasi, ninakokujua tangu nachunga utotoni. Halafu nikaona. Ndani ya nyumba, upande wa kushoto, kuna shimo lenye upana wa chumba, na ndani ya shimo, juu ya majani makavu, amesimama ng'ombe. Jike jekundu, mwenye baka jeupe usoni, manyoya yanang'aa. Pembeni ni kitanda cha watoto, na mbele ya ng'ombe fungu la majani yaliyokatwa. Hana kamba. Hajawahi kwenda malishoni, kwa kuwa kisiwani hakuna malisho: majani yanamfuata yeye, na samadi yake inabebwa kwa vikapu kwenda shambani.

Miaka tisa nimemwita mtu mwongo kwa jambo ambalo ningeliona kwa kuchungulia tu.

"Uliniambia kweli," nikamwambia Magesa.

"Nilikuambia, baba," akajibu. Hakuongeza kitu, na ningependa angeongeza.

Kabula akatokea nyuma yangu na mzigo wa majani kichwani. Mrefu kama mama yake. Alitua mzigo, akapiga magoti kwenye mchanga kama alivyofundishwa.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu."

Akainuka, akanipita mlangoni bila kunitazama, akaenda kumwekea ng'ombe majani, akimchagulia yaliyo laini. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Karibu ndani."

Na mimi, baada ya yote hayo, bado nikasita. Miguu ya mtu ina sheria zake. "Kabula, nimekosea kufikia gesti," nikasema. "Sikutaka uonekane umeokotwa. Ng'ombe bado hazijatoka."

Sasa akageuka. "Ng'ombe wako huyu hapa. Huyu ni mjukuu wa yule uliyemkataa. Yule alitengwa kwa jina lako, akazaa, akazeeka, tukamla kwenye msiba wa mkwe wangu na tukakutengea binti yake, na sasa huyu. Hakuna jani alilokula ambalo sikulibeba. Kila siku, baba. Watu hapa wananiuliza mbona mnalisha ng'ombe wa mtu asiyekuja. Nawaambia atakuja."

Nilivuka kizingiti. Sikumbuki kuamua. Nilishuka shimoni na viatu vyangu vya safari, nikaweka mkono juu ya mgongo wa yule ng'ombe, ulikuwa wa moto, nikasema kwa sauti watoto wasikie, "Nimempokea. Abaki hapa, lakini nimempokea." Magesa akainamisha kichwa. Nikamwomba radhi mbele ya wanawe, na mnajua mimi radhi huniponyoka kwa shida. Akasema, "Yamepita, baba."

Kabula hakusema yamepita. Alisema, "Kaa ule. Chakula nimekifunika, nilitaka kukituma gesti."

Nilikula kwake mchana ule na jioni ile, na nikalala kwake, kwenye kitanda cha watoto, mdogo amenilalia mkononi baada ya kuhakikishiwa kwamba sikamati nyavu. Michembe aliipokea, akanusa mfuko, akaunusa tena. Kanga akajifunga moja palepale. Tuliongea habari za shangazi yake, za Bariadi, za nani amekufa na nani ameoa. Ya miaka tisa hatukuyagusa.

Ufukweni

Boti ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mwenye boti siku ile niliyokata tamaa kwamba ataondoka nami, na baada yake hakukuwa na nyingine mpaka wiki ijayo. Kabula akanibebea begi kichwani. Magesa na watoto wakaniaga nyumbani, Magesa akasema mama yao anisindikize, tuna yetu ya kuongea.

Tulishuka tukapita mbele ya gesti. Mama Bahati akatupungia fagio. Kabula akasimama kidogo, akageuka kutazama mlimani tulikotoka.

"Kutoka kwangu kibaraza hiki kinaonekana," akasema. "Siku zote tatu nilikuwa nakuona umekaa. Nikawa nasema, akimaliza chai atakuja. Akiinuka sasa anakuja. Ukainuka ukaenda ufukweni."

"Nilidhani hunitaki."

"Nilidhani umekuja kutembea tu."

Tukafika majini. Abiria walikuwa wameshapanda. Kabula akanipa begi, nikalipokea, na hatukuachiana mpini upesi. Nilimtazama usoni, nikingoja aseme, baba, kaa wiki moja, boti nyingine itakuja. Nilikuwa tayari kabisa. Lingetoka neno moja tu, ningelishusha begi mchangani. Yeye naye alikuwa ananitazama vilevile, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesubiri jibu la swali ambalo bado hajauliza.

Hakusema. Nami sikuomba. Mwenye boti akaita, nikaingia majini mpaka magotini, nikapanda, akavuta kamba ya injini. Kabula alibaki amesimama na kanga yake mpya mpaka nikashindwa kumtofautisha na mawe. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tumefanya tena lilelile, na kwamba upande wa pili wa maji hapakuwa na mtu hata mmoja anayeningoja.